Chupa Mbili Zilizojaza Maji Mapafu ya Dorcas

Saa mbili asubuhi, muuguzi Paskazia Machibya anainua chupa ya dripu ya manitoli kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake chembe zimeganda kama chumvi. Anaiweka kwenye maji ya moto mpaka ziyeyuke, kisha anasubiri ipoe. Kitandani yupo dereva wa bodaboda aliyeanguka akaumia kichwa. Ubongo unavimba, na daktari ameshaandika dozi.

"Hii inavuta maji kwenye ubongo na kuyaingiza kwenye damu, figo ziyatoe," anasema, akikagua mpira wa mkojo. "Usipopima mkojo, unaua mtu huku unajiona daktari."

Paskazia, 46, ana miaka kumi na tisa katika kituo hiki cha afya wilayani Sengerema. Wauguzi ni watatu. Wagonjwa kwa siku hupita themanini.

Machi mwaka huu aliletwa Dorcas Luhaga, muuza dagaa, akihema kwa shida, povu jekundu mdomoni. Moyo wake ulikuwa dhaifu tangu uzazi wa mwisho, miguu ikamvimba. Masele, mwenye duka la dawa, alimtundikia chupa mbili za manitoli akimwambia zitakausha maji.

"Moyo umeshindwa mzigo uliopo, yeye anauongezea maji mengine kwenye damu," anasema Paskazia. "Maji yote yale yakaenda mapafuni."

Walimpa oksijeni na sindano ya kupunguza maji. Saa saba mchana alifariki.

Paskazia alienda dukani kwa Masele akiwa amevaa sare yake.

"Sista, watu wenyewe ndio wanaomba dripu," Masele alimwambia.

"Wakiomba sumu utawapa?"

"Mbona wengine walipona?"

"Nionyeshe hata mmoja uliyempima moyo."

Masele akageukia mteja.

Paskazia aliripoti wilayani. Duka lilifungwa siku tisa, likafunguliwa likiwa na kibao kipya, Masele yuleyule akiwa kaunta. Bosi wake Paskazia akamshauri aachane na mambo ya mitaani, asije akajikuta amehamishwa.

"Nimemfunika Dorcas shuka kwa mikono hii," anasema. "Niachane na nini?"

Jumatatu ijayo atavuka kwa kivuko cha Kamanga pamoja na Elias, mume wa marehemu, wapeleke malalamiko mkoani. Maelezo ya kurasa nne ameyaandika mwenyewe.

"Wakitaka wanihamishe," anasema. "Huko watakakonipeleka nako wapo wanaotundika dripu dukani. Nitaanza na hao."