Kaliba ya Mbogo

Milimita saba! Mbogo kwa milimita saba! Nilipaza sauti mpaka muuza bunduki akaangalia mlango. Duka lenyewe liko Anderlecht, huku Ubelgiji, katikati ya maghala, na baba mkwe wangu, Mbelgiji mwenye bega lililokwisha kufanyiwa upasuaji, alitaka kwenda Tanzania na bunduki yake ileile ya milimita saba, ya kupigia kulungu. Eti haimpigi teke begani. Namheshimu, ni baba wa mke wangu, lakini siku ile kidogo tu ningemzaba kibao.

Maana atakayetangulia mbele yake porini, akifuata nyayo za mbogo kwa miguu, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Safari nzima imepangwa kupitia kwake. Kazi hiyo ya kuongoza wawindaji kairithi kwa baba yetu, na baba yetu alimalizwa na mbogo. Mteja alimpiga mnyama tumboni badala ya begani, mnyama akaingia kichakani akangoja. Baba alipofuata damu, akamtokea. Alimtoboa paja mpaka kinenani, akamrusha juu, akamkanyaga, akageuka akamkanyaga tena. Walimleta nyumbani nyuma ya Landrova, amevingirishwa turubai, na mama akakatazwa kulifungua. Nikalifungua mimi.

Muuzaji akasema kwa mbogo aanzie kaliba ya mia tatu sabini na tano, yaani risasi ya karibu milimita tisa na nusu. Haitoshi, nikasema, lete mia nne hamsini na nane, risasi nene kama kidole. Baba mkwe akanywea.

"Haya basi, kama ndivyo utakavyopata usingizi."

Tukashuka chini ya duka, kwenye chumba cha kulengea shabaha. Mbele yetu wakatundika picha ya mbogo. Bunduki ilipolia kifua changu kilitetemeka, na mzee akapepesuka nyuma, darubini ya bunduki imempasua nyusi, damu inamchuruzika mpaka kwenye kola. Muuzaji akakimbilia pamba. Mimi nikaitazama picha. Tundu lilikuwa tumboni.

Mkaidi yule akataka kujaribu tena. Safari hii nilimtazama yeye usoni. Kabla kidole hakijavuta, macho yalikuwa yamefumbwa ndi! Tumboni tena.

Nikampokonya bunduki.

"Huendi! Utaniulia ndugu yangu!"

Akajipangusa damu kwa mkono wa shati, akasema tiketi ameshakata, atafanya mazoezi. Nikamwachia muuzaji bunduki yake na kupanda ngazi.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamweleza yote: teke, damu, macho. Nikamwambia akatae, ajifanye mgonjwa, afanye lolote lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo.

"Kaka, karibu wateja wote hufumba macho. Kwani baba hakuwahi kukwambia?"