Cheti cha Gotzon

Gotzon alichomelea meli hapa Bilbao miaka arobaini, na kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kuwauliza watu walizaliwa wapi. Timu yetu, Athletic, huchezesha watoto wa Nchi ya Wabaski tu, waliozaliwa huku au waliofunzwa mpira huku. Gotzon alijipa ubawabu wa mlango huo, ingawa mpira wenyewe ulimkataa tangu utotoni.

Aliyemwandama zaidi ni Lino, muuza samaki wa chumvi, mzaliwa wa mji wa Castro. Nusu saa tu kwa gari, ila ng'ambo ya mpaka wa Nchi ya Wabaski. Kila siku ya mechi, hapa baani kwangu, ni yale yale.

"Lino, hata ungekuwa na miguu ya dhahabu, kwetu ungeishia kukata tiketi."

"Sawa, bwana Gotzon. Nisogezee hiyo sahani ya zeituni."

Miaka thelathini. Ningekuwa mimi, ningeshammwagia divai.

Mwezi uliopita Gotzon alifuata cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya pensheni. Alirudi, akaniwekea karatasi kwenye kaunta. Mahali pa kuzaliwa: Castro. Mama yake alikwenda huko kupunga upepo wa bahari mwezi wa Agosti, mtoto akawahi kuzaliwa.

"Nekane, ukimwambia mtu, nahama mtaa huu."

"Uhamie wapi? Castro?"

Hakucheka. Nami nikaona haya. Mtu mzima anaogopa kupoteza kiti chake baani, na kiti chenyewe kina mguu mbovu.

Jumapili alikuja, skafu yake ya Athletic, nyekundu na nyeupe, kaificha mfukoni. Lino akaingia, akakaa, akangojea dozi yake ya kawaida ya kejeli. Haikuja. Badala yake Gotzon akamsukumia ile karatasi, baa nzima ikitazama.

"Soma. Kisha unicheke, nimestahili."

Lino aliitupia jicho tu, hakuigusa. "Naijua habari hiyo. Mama yangu alikuwa na nyumba ya wageni kule. Ulizaliwa chumba cha juu, na yeye ndiye aliyekupokea."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi mno, bwana. Haya, vaa skafu, mpira unaanza."

Gotzon akaitoa mfukoni, akamvisha Lino. Macho yalimlowa, akasingizia pilipili zangu.