Injini Iliyobadilishwa Kisesa

Enzi zetu pale Mkolani, mtoto aliyekabidhiwa kitambaa cha kufutia gari la baba alikuwa na cheo. Mimi na mdogo wangu Masanja tulikigombea kila Jumamosi. Baba alinunua pamba vijijini, na pikapu yake ya Kiingereza ilinuka petroli, magunia na dagaa. Hatukuwa na magari ya plastiki yanayovunjika kabla ya jioni, kama ya wajukuu zetu. Tulisuka ya waya, tukayapa matairi ya kandambili chakavu, na ngurumo tukazitoa kooni. Ya Masanja ilifanana na ya pikapu hata mama akatoka jikoni kumlaki baba. Nilimwonea wivu siku nzima.

Baba hakuvumilia uvumi. "Usiniambie umesikia," alikuwa akisema, "niambie umesoma." Basi nikasoma. Nilipelekwa shule ya bweni, Masanja akabaki. Barua za baba zilinifikia zikiwa na alama ya kidole chenye grisi, kidogo mno kuwa cha baba.

Miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa, Mwanza ilijaa magari yaliyotumika kutoka Japani pamoja na vipuri vyake. Pikapu yetu ilikuwa imelala mwaka mzima, gasketi ya silinda hedi, bapa lenye matundu linaloziba kati ya injini na kichwa chake, imeungua. Baba alikuwa mgonjwa, kumbukumbu zikimtoka, lakini ombi moja hakulisahau: apelekwe Magu kwenye kaburi la mama, ndani ya gari lake mwenyewe. Mafundi walibashiri aina ya injini, kila mmoja ya kwake. Nikawapuuza. Masanja alikuwa Ukerewe; sikumwandikia, kwa maana nilitaka safari hiyo baba aone kwamba ni mimi niliyelifufua gari lake. Nikanakili namba za bamba lililopigiliwa kwenye bodi, nikampelekea Mhindi mmoja mwenye duka la vipuri, akaagiza gasketi Nairobi. Tulingoja wiki sita, baba akizidi kukonda.

Ilipofika, Masanja naye akaja kumjulia baba hali, akanikuta nimeduwaa: mashimo ya bolti hayakulingana.

"Kaka, umesoma bodi," akasema. "Injini ni ya gari jingine. Tuliibadilisha Kisesa, mimi na baba, likizo ile uliyobaki shuleni. Si ungeniuliza?"

"Ningekuwa nimesikia tu."

Akainua gasketi, akanichungulia kupitia tundu lake. "Na hii umeisoma?"

Akalowesha kitambaa kwa petroli, akasugua ubavu wa injini. Namba ikajitokeza, safi. Gasketi yake ilikuwa pale pale Mwanza, rafu ya juu ya duka lile lile, imefunikwa vumbi.

Magu tulifika. Masanja alishika usukani, baba kando yake. Mimi nilikaa nyuma, penye magunia.

Vijana wa leo hufungua boneti, wakaona kifuniko cha plastiki, wakaifunga na kumpigia fundi simu. Hao siwaonei wivu. Ninaouonea wivu bado ni mchana mmoja wa Kisesa: boneti iko wazi, baba ananyoosha mkono bila kugeuka, na anayempa spana si mimi. Mimi nipo darasani, nasoma.