Bochaberi na Machungwa ya Sabato

Wacha kuniambia saladi ya matunda ni chakula cha hoteli. Bochaberi alikuwa anaitengeneza kijijini Nyaramba mwaka wa 1971, kwa baridi ya Agosti, na karibu imharibie jina.

Alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu. Makambi ya kanisa, ile mikutano ya kila mwaka, yakafika, na mama mkwe wake, Nyamusi, akamwachia yeye, mokamwana wake, chakula cha wageni cha Sabato. Waadventista unawajua: jua likizama Ijumaa, hakuna moto, hakuna kisu. Kila kitu kinapikwa mapema, kesho kinaliwa baridi. Bochaberi akaona watu wamechoka na maharagwe baridi, na machungwa yameiva, machenza yameiva. Ijumaa mchana akakatakata yote, nyeupe ya ganda na mbegu zikiwa ndani, akamwaga sukari, akafunika.

Sabato, mzee wa kanisa Manasseh akaonja wa kwanza. Uso ukakunjamana.

"Mokamwana wa Nyamusi, hii ni matunda ama ni dawa ya minyoo?"

Kambi nzima ikacheka. Nyamusi hakucheka. Nyumbani akamwambia, "Mwaka ujao wewe utachota maji. Chakula atapeleka mke wa Machogu."

Machogu ni shemeji yake Bochaberi. Na kwa hiyo boma, kunyang'anywa sufuria ya wageni ni kuambiwa bado wewe ni mtoto.

Bochaberi hakulia. Siku ya soko akashuka Keroka kwa Mariam, muuza matunda.

"Ulikata lini?" Mariam akauliza.

"Ijumaa."

"Na ile nyeupe?"

"Niliacha."

"Basi umelowesha uchungu usiku mzima, mama! Hiyo nyeupe na mbegu ndio adui. Toa yote, hata ngozi ya ndani. Na sukari isikutane na matunda mpaka watu wakae kula."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa machungwa yakipatikana, Bochaberi alimenya moja. Jumamosi analila peke yake. Likiwa chungu, analimaliza hivyo hivyo. Vidole vilipasuka kwa baridi, maji ya machungwa yakawa yanamchoma. Akaendelea.

Julai 1972 akamwendea Nyamusi.

"Mama, maji nitachota. Naomba bakuli moja tu."

"Na ukiniaibisha tena?"

"Nitaila yote mwenyewe, mbele ya watu."

Ijumaa ya makambi alimaliza maji mapema, akakaa na kisu. Akatoa nyama ya chungwa tupu, bila nyeupe, bila mbegu hata moja. Pembeni akachemsha sukari na ndimu, akaiweka kwa chupa. Jua likazama mikono ikiwa safi.

Sabato akainua chupa amimine. Manasseh akamzuia.

"Mokamwana! Unapika Sabato?"

"Mzee wangu, maziwa ukijimiminia kwa kikombe huwa umepika?"

Wamama wakapasuka kicheko. Manasseh akakohoa, akachukua kijiko. Watu wote wakamtazama mdomo. Akatafuna. Akameza. Akasukuma sahani yake mbele.

"Ongeza."

Bakuli ikaisha kabla ya maharagwe kuguswa. Nyamusi alilamba kijiko chake polepole, akakiweka chini, halafu akageukia upande ule mwingine wa meza.

"Mke wa Machogu, mwaka ujao utachota maji."