Ndoo ya Matembele

Dada yangu alipoondoka kwenda Moshi kujifungulia kwa mama, aliniambia atarudi siku kiazi cha kwenye ndoo kitakapokomaa. Alisema kwa utani. Mimi nilishika neno.

Ndoo yenyewe ni ile iliyokuwa ya rangi ya ukuta, ipo kibarazani kwetu, ghorofa ya tatu, hapa Mchafukoge. Tulipanda tembele mle, mboga ya majani ya kiazi kitamu, siku tuliyotoka kliniki. Nesi alikuwa amemwambia dada damu iko chini, ale mboga za majani kila siku.

"Nesi, majani si ya mbuzi?" dada alisema. "Mimi nikila kiazi na chai ndiyo nasikia nimekula."

Nesi hakucheka. "Kiazi kinakupa nguvu ya kupanda ngazi. Cha kuongeza damu kimo zaidi kwenye majani. Kula vyote, mboga ikamulie ndimu, na chai ikae mbali na chakula."

Tukapitia Kariakoo kununua fungu la matembele. Majani tukapika, vikonyo tukavichomeka kwenye ndoo. Vikashika. Hapo ndipo tulipoanza kuvutana. Mimi nilitaka kuchuma kila yalipochipua, kwa ajili ya damu yake. Yeye alitaka niyaache, kiazi kitie tumbo.

"Mtu unamnyoa kila siku, atanenepa saa ngapi?"

Nilichuma alipolala mchana. Mimi si msemaji, kwa hiyo sikubishana. Nilimwekea bakuli na nusu ndimu, nikakaa mbele yake mpaka amalize. Aliomba chai mara tatu, nikajifanya sisikii. Alipopimwa tena, damu ilikuwa imepanda.

"Haya," aliniambia tukiwa njiani, "na mimi nimekuwa mbuzi."

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mtoto huyo nimemwona kwenye simu tu. Miezi imepita na bado nasonga ugali wa watu wawili, halafu nakumbuka mwiko ukiwa mkononi. Tangu aondoke sikuchuma hata jani moja. Yakarefuka, yakaning'inia hadi kwa jirani wa chini, mama mmoja wa Kihindi, akaniuliza kama ni mapambo. Nikasema ndiyo, maana kueleza kungekuwa kurefu.

Wiki iliyopita nilifukua. Nikakuta mizizi tu, myembamba kama nyuzi za kushonea magunia. Nikachukua kipande, nikampelekea mama aliyetuuzia lile fungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alikigeuza mara moja tu. "Hili tembele la mboga. Hata ulibembeleze mwaka mzima, litakupa majani. Ukitaka kiazi, panda marando, vipande vya mashina ya viazi vyenyewe."

Nilisimama pale kama niliyepotelewa na kitu. Kumbe dada tungeweza kumlisha majani yote yale bila ugomvi. Na mimi niliyaacha yakakomaa bure, nikingoja.

Mama yule aliniletea marando siku ya tatu. Nimeyapanda kwenye ndoo ileile.

Jana dada alipiga simu. Nilimsikia mtoto akilia karibu naye.

"Kimetia tumbo?"

"Bado, dada. Nimepanda upya."

Alimbembeleza mtoto kwanza. Kisha akaniuliza:

"Na wewe huko, mboga unakula? Au ni chai na kiazi?"

Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwangu. Nilitazama ndoo. Majani mapya manne yalikuwa yamefunguka. Sikuyagusa.