Mpika omuleti wa Minago asiyeweza kugusa yai

Saa moja asubuhi, Minago. Marcelina Dusabe anatusalimu "Amahoro", yaani amani, na kutunyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama mtu aliyekatishwa akiosha vyombo. Lakini mikono yake ni mikavu. Siku hizi kifundo ndicho anachotoa kwa kila mtu, hata kanisani.

Leo ni Jumapili, siku yake ya kupumzika, na bado yuko jikoni. Kwenye bakuli ametia unga wa soya uliokaangwa, unga kidogo wa muhogo, chumvi, kitunguu na nyanya. Anamimina maji, anakoroga, kisha anaongeza kijiko kimoja cha mafuta ya mawese. Rojo iliyokuwa imepauka inageuka manjano. Yai hakuna.

"Mawese yanadanganya macho," anasema. "Ukizidisha, pua inagundua."

Marcelina, mwenye umri wa miaka 41, ni mpishi wa omuleti katika mgahawa mdogo wa barabarani, wanakokula waendesha baiskeli wanaobeba mihogo na mafuta ya mawese. Kwa miaka sita amepasua mayai yapatayo sitini kila asubuhi. Sasa mayai hayohayo yanamla mikono.

Ulianza muwasho, kukafuata kuvimba kwa vidole na kupasuka kwa ngozi. Muuguzi akamwambia kwamba mwili wake unakataa mayai, asiyaguse tena. Ni ushauri mzuri, kwa mtu ambaye kazi yake si mayai. Alijaribu kuvaa glovu, wateja wakaanza kunong'ona kwamba anaficha ugonjwa.

"Nimechoka," anasema bila kuinua uso. "Nikienda kazini naumia. Nikikaa nyumbani, Jovita atakula nini?"

Jovita ni binti yake wa miaka kumi na miwili. Wanaishi wawili tu.

Wazo la omuleti hii lilitoka mbali. Marcelina alizaliwa Tanzania, walikokimbilia wazazi wake, na utotoni alimsaidia mama yake kuuza bajia za kunde. "Nikajiambia, kama kunde zilishikamana kwenye mafuta, soya itashindwaje?"

Ilishindwa. Mara nne za kwanza aliipindua mapema, akapata uji ulioungua, na Jovita akaula kwa kumhurumia mama yake. Baadaye akajifunza kupunguza moto, kufunika kikaango na kusubiri kingo zikauke zenyewe.

Wiki iliyopita mayai yalichelewa kufika mgahawani. Marcelina akampikia Emery, mwendesha baiskeli na mteja wa kila siku, omuleti yake ya soya bila kumwambia. Emery akala, akamaliza, akaomba nyingine. Kwa furaha, Marcelina akamweleza ukweli.

"Mama Jovita, umenilisha soja nikidhani ni yai?" aliuliza Emery. Hajaonekana mgahawani tangu siku hiyo.

Ni vigumu kumlaumu. Mtu anayesukuma mizigo mlimani ana haki ya kujua kilichomo tumboni mwake. Marcelina mwenyewe anakubali. "Kosa langu. Niliogopa kwamba nikisema kwanza, hataonja."

Mwenye mgahawa, Bora, mfanyabiashara aliyetoka Kivu Kusini, alikasirika. Akamwambia achague, arudi kwenye mayai au aache kazi. Marcelina aliomba jambo moja tu, Bora aje nyumbani kwake aonje kabla ya kuamua.

Na Bora amekuja. Anaingia, anaketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Marcelina anafunua kikaango, anapitisha mwiko chini taratibu, anapindua. Omuleti inageuka nzima. Tunapumua sote.

Bora anakula polepole hadi sahani inabaki tupu.

"Mawese iko mingi," anasema mwishowe. "Lakini inashibisha." Anasukuma sahani pembeni. "Mayai atashika Vestine mwenzako. Wewe utapika hii. Na mbele ya mutu kukula, umwambie iko soja. Kama mwezi unaisha na watu hawaitaki, sitakuwa na namna, Mama Jovita."

"Murakoze, patroni," anashukuru Marcelina. Hatabasamu. Anavuta kigoda na kukaa, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Bora anapoondoka, Marcelina anatueleza mpango wake. Kesho atamtafuta Emery kabla hajapakia mzigo, amwombe radhi, kisha amwalike tena, safari hii akijua anachokula. Yeye akikubali, anaamini wenzake watamfuata. Hana tumaini kubwa kuliko hilo, ila moja, kupona mikono.

"Kanisani, padri akisema tupeane amani, watu wananishika hapa," anasema, akigusa kifundo chake. "Wanadhani nina maringo. Inaniuma kuliko vidonda."

Tunamuaga, na sisi pia tunamshika kifundo.

"Njooni mgahawani mwezi ukiisha," anasema. "Mkinikuta jikoni na nikawapa kiganja, mtajua sijafukuzwa na sijagusa yai."