Siku wanawake wa kambi ya Ukerewe walipompigia Dagaa kura wanaume wakiwa wamelala

Wakuu, nawasalimu kutoka Mwanza ya mawe.

Leo mvua imenifungia ndani tangu asubuhi. Nikakuta humu mdau mmoja anauliza kama kuna anayekumbuka uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi ulivyokuwa huku Kanda ya Ziwa. Nikaanza kumjibu, jibu likanenepa, nikaona bora nifungue uzi wangu mwenyewe.

Ninayoandika niliyaona kwa macho haya. Mkikuta nimesahau kitu, laumuni umri, uongo hapana. Majina nimebadilisha kwa sababu wengine bado wapo na wana wajukuu humu JamiiForums.

Tuingie ndani.

Miaka ile ya tisini Mwanza ilikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla. Mitumba imejaa kila kona. Viwanda vya samaki vinaota ufukweni, minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki kugombania mapanki, yaani mifupa na vichwa. Na juu ya hayo yote, ikaja habari ya vyama vingi.

Watu waliogopa, tusidanganyane. Jirani yetu pale Kirumba alinunua chumvi ya kumtosha mwaka mzima akiamini vita inakuja. Ukimuuliza kwa nini chumvi, anakuangalia tu.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four, sina kazi, nazurura. Dada Leokadia, mwalimu wa shule ya msingi mtaani kwetu, akanikamata na vijana wenzangu wachache. Akasema tuwafundishe watu kupiga kura. Posho hakuna, chai kwake. Tulikuwa volunteers kweli kweli, siyo hawa wa siku hizi ambao kabla ya shikamoo wanauliza nauli.

Kikundi hakikuwa na jina la maana. Watu walituita Watu wa Boksi.

Boksi lenyewe tulipewa na Kantibhai, mwenye duka la jumla mjini. Lilikuwa boksi la majani ya chai, la mbao nyembamba lenye kingo za bati. Tukalitoboa tundu juu, likawa sanduku la kura. Ila harufu haikutoka. Kila karatasi iliyoingia humo ilitoka inanukia chai, na mpaka leo nikifungua pakiti ya majani naona nyuso za watu wa wakati ule, zinapita taratibu, wengine hata majina sikumbuki.

Sheria yetu ilikuwa moja.

"Ukitaja chama hata kimoja, umetumaliza," alisema Leokadia.

Sasa unamfundishaje mtu kupiga kura bila wagombea? Hapo ndipo akaja na wazo lake. Wagombea wawe samaki. Sangara, Sato na Dagaa. Michoro nilichora mimi, na sangara wangu alifanana na mamba, lakini watu walimwelewa.

Tukazunguka. Buswelu, Usagara, masoko ya mjini. Kila mahali Sato anashinda, kwa sababu nani hapendi sato? Usagara mfugaji mmoja aligoma kabisa kupiga kura, akitaka aambiwe jina la ng'ombe limekatwa na nani. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Ilikuwa raha, wakuu. Mtu anakunja karatasi yake, anatumbukiza, tunahesabu, tunaeleza kwamba kura ni siri, tunaagana. Kwetu ulikuwa mchezo tu.

Halafu tukaenda Ukerewe.

Kulikuwa na kambi ya wavuvi wa dagaa, unashuka Nansio kwenye meli halafu unachukua mtumbwi wa injini. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Masatu, mwenye mitumbwi, au kama wanavyosema kule, tajiri. Tulimtumia salamu kwamba tunataka kuja. Akajibu karibuni, siku mnayotaka ninyi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la watu wa mjini. Tulichagua siku kwa kalenda ya ukutani.

Kwa wasiojua, dagaa huvuliwa usiku, wakati wa giza, kwa taa za karabai. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaenda kusalimia nyumbani. Kule hata mtoto anajua hili. Sisi tukaenda katikati ya siku za giza, wanapovua kila usiku, tukafika mchana tukitegemea kukuta mkutano.

Tulikuta kambi nzima ya wanaume imelala.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Jua liko juu, maji yametulia, na watu wamelala kila penye kivuli, juu ya nyavu, chini ya mitumbwi iliyovutwa mchangani, mdomo wazi. Hakuna sauti ila kukoroma na maji. Tulitembea kwa vidole tukipita katikati yao na boksi letu, na nilihisi kama vile mimi ndiye ninayeotwa.

Mbele ya kambi kulikuwa na majabali mapana yanayoingia ziwani. Juu yake wanawake walikuwa wameanika dagaa. Jabali zima lilikuwa fedha. Ilibidi nifumbe macho kidogo.

Mama mmoja akatujia. Huyu nitamwita Mama Mafuru.

"Mmewafuata wanaume?" akauliza. "Wamelala hao. Mkiwaamsha saa hizi mtapigwa kasia."

Leokadia akasema basi, tufanye na walio macho.

Wanawake wakakusanyika, mikono inanuka samaki, wengine na watoto mgongoni. Tukatundika turubai kati ya miti miwili iwe chumba cha kura. Leokadia akaeleza wagombea. Akasema kila mgombea atafutiwe mtu wa kumpigia kampeni, kama ilivyo kwenye uchaguzi wenyewe.

Mama Mafuru akanyoosha mkono.

"Mimi namsemea Dagaa," akasema. Akasimama juu ya jiwe. "Akishinda Dagaa, majabali yanabaki. Akishinda Sangara, majabali yanakwenda. Nimemaliza."

Akashuka. Hakuna aliyecheka.

Sisi tukaangaliana. Leokadia akauliza majabali yanakwenda wapi. Ndipo wakatueleza.

Kulikuwa na wakala wa kununua sangara aliyeyataka yale majabali. Ajenge banda la mizani na barafu, boti kubwa ije kufunga pale. Kamati ya kambi, chini ya Mzee Masatu, ilikuwa imeshakubali kwa mdomo, na wakala angekuja wiki ile kumalizana nao. Wanawake hawakuulizwa. Waliambiwa waanike mchangani.

Dagaa wa mchangani ana mchanga, wakuu. Mnunuzi anamtafuna mmoja, anatema, anaondoka. Bila majabali wale mama hawakuwa na kazi, na bila kazi ile hawakuwa na sababu ya kubaki kisiwani.

Walipiga kura kimya, mmoja mmoja nyuma ya turubai. Dagaa alishinda kwa mbali sana. Sangara hakupata kitu. Sato alipata moja, na bibi mmoja akajitaja mwenyewe bila kuulizwa: "Ni yangu. Nimekula dagaa mpaka basi."

Hapo kila mtu akacheka, na mimi nikadhani tumemaliza.

Leokadia alikuwa amebadilika rangi. Akaninong'oneza tufungashe, tuondoke kabla wanaume hawajaamka, kwa sababu wangesema tumeleta siasa na uchochezi, na kazi yetu yote ingekufa. Nikainama nichukue boksi.

Mama Mafuru akalikalia.

"Boksi haliondoki," akasema, "mpaka waliolala waambiwe."

"Mama yangu, huu ulikuwa mfano tu," Leokadia akamwambia.

"Mfano wa nini?"

Leokadia hakuligusa tena boksi. Akaketi mchangani, akavua viatu. Tukangoja.

Mchana ule ulikuwa mrefu na mtamu kwa namna nisiyoweza kuieleza. Wanawake waliendelea kugeuza dagaa. Mtu akatuletea uji. Boksi likanukia chai kwa sababu ya jua, na Mama Mafuru juu yake anachambua mchele, hana haraka. Niliogopa, nakiri, lakini pia nilitamani mchana ule usiishe.

Jua lilipoanza kulegea, wanaume wakaanza kuamka. Mmoja anajinyoosha, mwingine anatafuta maji ya uso. Mzee Masatu akatokea amejifunga shuka, macho bado mekundu.

"Shikamoo Mzee," tukamwamkia wote.

"Marahaba. Naambiwa mmechagua mtu nimelala?"

"Tumemchagua Dagaa, majabali hayaendi," Mama Mafuru akamjibu. Hakuinuka.

Wanakamati wakaanza kupiga kelele. Hii kura gani, ya nusu ya kambi, hii haihesabiki. Mzee Masatu akainua mkono, wakanyamaza. Akasema irudiwe, watu wote wapige, na wanaume.

Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na wengi walivulia mitumbwi ya Mzee Masatu au ya wanakamati wenzake. Nani angemkatalia tajiri wake? Nilimwangalia Mama Mafuru. Alikuwa amenyanyuka sasa, anaikaza kanga yake kiunoni.

Walipanga mstari mrefu mpaka kwenye maji. Kila mtu akaingia nyuma ya turubai peke yake, akatoka. Vijana waliingia wakitaniana, wakatoka wamenyamaza. Mzee Masatu aliingia mwisho, na alikaa mle ndani muda kuliko wote.

Tukahesabu mbele yao. Leokadia anafungua karatasi, mimi nainua juu.

Dagaa. Dagaa. Dagaa. Sato. Dagaa.

Watu wakaanza kusogea karibu. Dagaa. Dagaa. Karatasi zikaisha. Leokadia akaingiza mkono mpaka kwenye kona za boksi, akalipindua, akalitikisa. Vumbi la chai likaanguka mchangani.

Sangara hakupata hata kura moja.

Wakuu, someni tena hapo. Kamati nzima ilikuwa imepiga kura. Wale waliokubaliana na wakala, waliopiga kelele muda mfupi uliopita, hakuna hata mmoja aliyemtaka. Kila mmoja alikuwa amekubali kwa kudhani wenzake wanataka, na akaogopa kubaki peke yake.

Watu wote wakamgeukia Mzee Masatu. Yeye alikuwa anaangalia boksi tupu. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Kijana, hii kweli haijulikani ya nani ni ipi?"

"Haijulikani, Mzee."

Akatikisa kichwa. Halafu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetua mzigo, mpaka akafuta macho kwa shuka.

"Basi hata yangu haijulikani," akasema. "Mwambieni huyo wa mizani atafute kwingine."

Mama Mafuru alilia wazi wazi, mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni ile mitumbwi iliondoka na karabai zimewashwa, zikasambaa ziwani kama mji mwingine. Sisi tulirudi Mwanza kesho yake bila boksi. Walituomba walibakize, na Leokadia hakubisha.

Siku ya uchaguzi wenyewe ilipofika nilisimama kwenye foleni pale Kirumba. Nilipobaki peke yangu na karatasi yangu nilimkumbuka yule mzee alivyochelewa nyuma ya turubai. Nikachelewa na mimi.

Nilichojifunza ni hiki. Mkikaa mkutanoni mnakubali kwa pamoja, usiwe na uhakika kwamba kuna aliyekubali. Wapeni watu turubai na karatasi kwanza.

Mwaka jana nilipanda tena meli ya Nansio, asubuhi, ukungu bado juu ya maji. Nilisimama upande wa kambi ile muda wote. Kwa mbali niliona kitu kinameta ufukweni, halafu ukungu ukakifunika. Huenda ni dagaa juu ya majabali, huenda ni mabati ya nyumba mpya.

Kama kuna mdau humu ametokea kambi za upande ule, naomba aniambie. Kwenye majabali yale bado wanaanika dagaa? Na wengine, kura yenu ya kwanza mlipiga wapi, na mlikuwa mnaogopa nini? Karibuni, mvua bado inanyesha.